Dakika Thelathini za Mwalimu Mkuu

Mtu aliyenifundisha kula bila chumvi alikuwa anatembea na chumvi mfukoni. Aliifunga kwenye kipande cha karatasi ya daftari, akakitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, na koti lile halikumtoka mwilini hata jua liwake namna gani. Niliiona kwa mara ya kwanza kwenye harusi moja hapa Kamachumu. Tulikuwa tumeletewa ndizi na nyama. Akaitazama sahani yangu kwa ule ukali wake, akaniambia, "Mwalimu wa Tatu, huo mchuzi usiumalize, wameuzidisha chumvi." Kisha akageuka pembeni kama anayetafuta leso, akanyunyizia sahani yake. Nilimkazia macho, wala hakuona haya. Alisema ya kwake anajua kiasi chake.

Huyo ndiye Mwalimu Mkuu wetu. Jina analo, lakini kijijini hakuna anayelitumia. Watoto aliowafundisha wamezaa watoto, nao wanamwita Mwalimu Mkuu, na mkewe pia humwita hivyo mbele za watu. Mimi nilifundisha chini yake miaka ishirini na miwili, darasa la tatu, na kwa sababu hiyo ananiita Mwalimu wa Tatu mpaka leo, ingawa wote wawili tumestaafu na darasa lile limekwisha kupita mikononi mwa walimu wengine wengi. Nyumba yake na yangu haziko mbali. Ukitoka kwake ukapanda kidogo unafika langoni kwangu, ukipanda tena unafika kanisani, na juu kabisa iko shule.

Alikuwa na kalamu nyekundu aliyostaafu nayo. Shule aliikabidhi, funguo alizikabidhi, mihuri aliikabidhi, kalamu ile akaondoka nayo. Aliitumia kwenye matangazo ya kanisa, kwenye kadi za mwaliko, kwenye barua ya mwenyekiti wa kijiji. Msibani alimvuta mkono msemaji wa familia akamwambia amekosea utaratibu wa kusoma historia ya marehemu. Sokoni aliwaonyesha kina mama namna ya kupanga nyanya. Alikuwa na msemo wake: "Kosa lisiposahihishwa linakomaa." Wengine walicheka, wengine walikwepa, na wachache, mimi nikiwemo, tulikuwa tunarekebisha kimyakimya kabla hajafika.

Lakini nisimfanye mtu mgumu tu. Nilipoanza kazi, msichana mbichi, nilikuwa natetemeka mbele ya darasa mpaka chaki inaanguka. Aliingia, akakaa dawati la nyuma na watoto, wiki nzima, bila kuandika chochote. Ijumaa akaniambia, "Watoto hawakuogopi. Sasa wewe unawaogopea nini?" Ni hayo tu, akatoka. Jumatatu yake nilifundisha kama mtu mzima. Mtu aliyekufanyia hivyo unamvumilia mengi, pengine unamvumilia kupita kiasi, na hapo ndipo lawama yangu mimi inapoanzia.

Kwamba tuna presha tuliambiwa sote wawili siku moja. Wauguzi walikuwa wameweka meza kwenye uwanja wa mnada, wanapima bure, na watu wamepanga foleni kama siku ya kura. Mimi nilikutwa na mia na sabini na mbili kwa mia moja. Yeye mia na themanini na sita kwa mia na nane. Alichungulia kadi yangu, akarudi kwenye yake, akaniambia, "Nimekuzidi." Alikuwa anatabasamu. Mimi nilikuwa nimeshikilia ukingo wa meza ile kwa mikono miwili, maana najua mambo hayo yanakoishia. Mama yangu alilala kitandani miaka mitatu baada ya kiharusi, upande wa kulia umekufa, na mimi ndiye niliyekuwa namgeuza.

Muuguzi wa meza ile ndiye aliyekuja kuwa muuguzi wetu wa kliniki. Ni mama wa makamo mwenye sauti ya chini, na harudii neno. Alituambia tupunguze chumvi na mafuta, tuache lubisi, pombe yetu ya ndizi, tutembee dakika thelathini kila siku, tumeze dawa kila siku hata tukijisikia wazima, na tupunguze mawazo.

"Mawazo yanapunguzwaje, Sista?" Mwalimu Mkuu akauliza. "Yana kipimo?"

"Hayana, Mwalimu. Kinachokukera, kiache kipite."

Akaandika kwenye kijitabu chake, kwa mwandiko ule uliolala vizuri: kinachokukera kiache kipite. Akapigia mstari kwa rula. Nilimwona kwa macho yangu.

Kesho yake alikuja kwangu na ratiba. Alikuwa amechora mbili, yangu na yake, zenye visanduku, saa ya kutembea, saa ya kula, saa ya kupumzika. Akaingia jikoni kwangu bila kukaribishwa, akafunua sufuria, akaonja, akachukua vile vidonge vya kuungia mchuzi akavitia mfukoni. Lubisi yangu ya Jumapili akaifuta kwenye ratiba kwa mstari mwekundu. Nilinuna, lakini nilifuata, kwa sababu nimezoea kufuata ratiba zake. Baada ya miezi sita nilikuwa mia na arobaini na mbili. Sista alinipongeza, nami nikasema ukweli, kwamba ni kazi ya Mwalimu Mkuu. Ratiba yake yeye ilikuwa imebandikwa ukutani kwake, safi, hakuna aliyeifuata.

Wakati wa senene, wale panzi wetu wa kukaanga, ndio ulikuwa mbaya zaidi. Mkewe alizikaanga bila chumvi, yeye akazila zote na chumvi yake ya mfukoni, na kesho yake akamtuma mtu mjini Bukoba amletee nyingine. Nilipomsema alijibu kwamba senene si chakula, ni msimu, na hakuna daktari anayekataza msimu. Ungefanya nini na mtu wa namna hiyo? Nilikuwa naondoka pale nimekunja uso, na kichwa kinaniuma mimi.

Sasa nije kwenye kutembea, maana hilo ndilo lililonimaliza.

Pale kwetu kuna njia mbili za kutembea dakika thelathini. Ya juu inapita langoni kwangu, inapita kanisani, inafika shuleni, unageuka. Ya chini inapita kati ya vibanja vya migomba na kahawa mpaka kwenye chemchemi, unageuka. Yote ni mamoja kwa miguu. Mwalimu Mkuu alisema ya chini haina cha kutazama. Kila siku saa moja kasorobo asubuhi alikuwa langoni kwangu, fimbo mkononi, koti limefungwa vifungo, tunapanda.

Hatua za kwanza tulikuwa tunazungumza vizuri tu, habari za watoto, habari za mvua. Tukipita kanisa hatua zake zinaongezeka kasi. Tukifika uzioni mwa shule habari zimekwisha, shingo imesimama, na ule mshipa wa kipaji cha uso umeanza kuonekana. Mlango wa choo cha wavulana umening'inia kwa bawaba moja. Mawe ya bustani hayajapakwa chokaa. Kengele imechelewa. Watoto wanafagia bila kumwagia maji, vumbi tupu. Aliyasema yote hayo kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, na yakizidi alifungua geti akaingia. Mwalimu mkuu wa sasa ni kijana mstaarabu, alikuwa anamsikiliza mikono nyuma. Baadaye alijifunza kumwona kwa mbali na kuingia stoo.

Mwanangu aliyeko Mwanza alikuwa amenitumia mashine ya kupimia presha nyumbani. Siku moja nilimpima kabla hatujaondoka, mia na sitini na nne. Tuliporudi nikamkalisha barazani apumzike kwanza, kama Sista alivyotuelekeza, ndipo nikampima tena. Mia na tisini.

"Mkuu," nikamwambia, "wewe unatembea kwenda kuitafuta presha."

"Si waliniambia nitembee?"

"Walikuambia utembee, hawakukuambia ukague."

"Sasa macho niyaache wapi?"

Nilimwomba tupite njia ya chini. Nilimwomba siku hiyo, na wiki ile, na mwezi ule. Alisema mtu hawezi kutembea mahali pasipo na kitu kisha aseme ametembea. Nilikuwa na hasira ya kumpiga kwa fimbo yake mwenyewe.

Binti yake anafanya kazi mjini Bukoba na amejenga Kitendaguro. Alimchukua baba akapumzike mwezi mzima, mbali na shule. Wiki ya kwanza binti alinipigia simu kwa furaha, mzee analala, anakula, anakaa nyuma ya nyumba kwenye vimigomba vyake, presha imeshuka. Siku ya nane ikasikika kengele ya shule moja ya jirani. Mwalimu Mkuu akaangalia saa yake, wamechelewa dakika saba. Akavaa koti, akaenda. Walimu wa pale walimpokea vizuri, wakampa kiti, kisha mmoja akauliza yeye ni nani.

"Mimi ni Mwalimu Mkuu."

"Wa wapi, mzee?"

Hiyo alinisimulia mwenyewe, mara moja tu, akiwa anatazama chini. Nadhani hajawahi kuulizwa swali hilo maishani mwake. Kesho yake alipanda basi na begi lake akarudi Kamachumu. Alisema Bukoba watu hawana utaratibu.

Kliniki yetu ilikuwa Jumatano moja kila mwezi. Wiki ya kliniki Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mwingine. Haji langoni kwangu, hapandi shuleni, analala mapema, anakula maharage yasiyo na chumvi bila neno. Jumatano anafika kliniki wa kwanza, ananyoosha mkono, anatulia kama picha. Mia na thelathini na nne kwa themanini na nne. Sista alikuwa anainua kadi yake tuione, sisi wagonjwa wengine kwenye benchi. Mimi niliyekuwa nateseka kila siku ya Mungu na mchuzi wa maji nilikuwa naambulia mia na arobaini, mia na arobaini na mbili. Nakiri nilimwonea wivu. Nilifikiri labda mashine yangu ya nyumbani ni mbovu.

Haikuwa mbovu. Siku moja mkewe alipita nyuma, kwenye migomba, akaingia jikoni kwangu na kopo la biskuti. Akalifungua. Dawa zilikuwa zimejaa humo, karatasi kwa karatasi, hazijaguswa. Akaniambia kwa Kihaya, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba mzee anameza wiki ya kliniki tu, siku nyingine anasema yeye si mgonjwa. "Nimesema mpaka nimenyamaza. Wewe anakusikiliza," akasema.

Hanisikilizi hata kidogo, lakini nilikwenda. Alikuwa anaanika kahawa. Nilimwuliza habari za lile kopo, wala hakukataa.

"Mwalimu wa Tatu, mkaguzi akija shuleni unampokea na uchafu?"

"Simpokei."

"Unafagia. Unapaka chokaa. Unapanga madaftari. Anakuta shule safi, anaandika ripoti nzuri, anaondoka. Kuna ubaya gani?"

Mawe yale nimeyapaka chokaa kwa mikono yangu, miaka ishirini na miwili. Tuliwahi kuazima madawati shule ya jirani usiku wa kuamkia ukaguzi, tukayarudisha mkaguzi alipoondoka, na tukasifiwa. Tulicheka wiki nzima. Yeye alikuwa anafanya mwilini mwake kile tulichofanya sote kazini, na tulikiita kujiandaa.

"Mkuu," nikasema mwishoni, "mkaguzi anaondoka na ripoti yake. Presha inabaki kwako."

"Ripoti ni nzuri," akasema, akaendelea kuzigeuza kahawa zake.

Nilinyamaza miezi minne. Miezi minne nilikaa benchi moja naye, nikamwangalia Sista akiinua kadi ile, nikafunga mdomo. Kwetu mtu hamshtaki mwalimu mkuu wake kwa mkaguzi. Hilo lilikuwa halijaandikwa popote, lakini nililijua kuliko katekisimu. Wakati huohuo nilikuwa naona. Katikati ya njia alianza kukaa kwenye jiwe la kanisani, akisingizia kamba ya kiatu. Asubuhi alikuwa analalamika kisogo kinamgonga. Siku moja tukiwa kwake kikombe kilimtoka mkononi kikavunjika, yeye akautazama ule mkono wa kushoto kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine. Mkewe aliniangalia, nami nikamwangalia. Nilimkumbuka mama na ule upande wake wa kulia. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejikasirikia kuliko nilivyomkasirikia yeye.

Jumatano iliyofuata alikuwapo mgonjwa mpya kwenye benchi, dereva wa bodaboda, mtu wa miaka arobaini hivi, ana kadi mpya na uso wa hofu. Alikaa kati yangu na Mwalimu Mkuu. Mwalimu akamwuliza kwa upole amekutwa na ngapi, akatikisa kichwa, akamwinamia sikioni. Sikio langu pia lilikuwa hapo.

"Usiogope. Kinachotakiwa ni kujiandaa. Wiki moja kabla ya kuja, unameza dawa, unaacha chumvi, unalala. Watakukuta vizuri. Siku nyingine endelea na maisha yako."

Yule mtu alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Kama mimi nilivyokuwa naitikia. Nikasikia kitu kinakatika ndani yangu. Nilikuwa nimepanga, nikisema, nitasema faragha, kwa heshima, mlangoni. Badala yake nilisimama.

"Sista," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka, "huyu hamezi dawa. Anameza wiki ya kliniki tu, na sasa anamfundisha mwenzake."

Mwalimu Mkuu akainuka taratibu, akafunga kifungo cha koti, akanitazama.

"Mwalimu wa Tatu. Kaa chini."

Nikakaa. Sijui hata niseme nini juu ya hilo. Mtu mzima, bibi wa wajukuu sita, nimeambiwa nikae chini mbele ya umati na nimekaa, mikono mapajani.

Sista hakugomba. Alikuja pale Mwalimu Mkuu alipokuwa amesimama, akamwuliza, "Mwalimu, ni kweli?" Na huyu mtu, mwenye kadi ya uongo kuanzia ukurasa wa kwanza, hajawahi kudanganya akiulizwa swali la moja kwa moja. Ndivyo alivyo. Akasema, "Ni kweli." Sista akamwambia kwamba tangu siku ile atampima siku anayoitaka yeye Sista, nyumbani, njiani, popote, bila taarifa. Kisha akamgeukia dereva wa bodaboda akaanza kumweleza upya toka mwanzo, pole pole. Mwalimu Mkuu akanipita, akatoka.

Kesho yake saa moja kasorobo nilikuwa langoni. Hakuja. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu nilichungulia nikamwona ametoka kwake na fimbo, akafika njia panda, akageuza shingo kidogo upande wangu, akashika njia ya chini.

Ilikuwa hivyo miezi minane. Kwetu kumpita mtu bila salamu si jambo dogo, watu huuliza kama kuna kesi au kuna uchawi. Yeye ni Mlutheri, mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo hata Jumapili hatukukutana. Habari zake nilizipata kwa mkewe, aliyekuwa anapita nyuma kwenye migomba kama mtu aliyeiba. Mzee anameza dawa kila asubuhi, amesimama dirishani, amekasirika, anasema, "Mwambieni Mwalimu wa Tatu nimemeza." Sista amempima bila taarifa, mia na hamsini na mbili. Amempima tena, mia na arobaini na nne. Amemkuta chemchemini akiwa na kina mama wanaoteka maji, mia na thelathini na sita. Kule chini hakuna geti, hakuna kengele, hakuna mlango wa choo. Kuna migomba, kahawa, maji na watu wanaompa magimbi. "Siku hizi analala mchana," mkewe akasema, akakaa kwenye kigoda changu akaanza kucheka peke yake.

Ndipo nikaelewa kilichotokea. Ushauri wa Sista haukumtoa shuleni, wala ratiba, wala Kitendaguro. Kilichomtoa ni kununa. Njia ya kwenda shuleni inapita langoni kwangu, naye hakutaka kupita langoni kwangu. Nilifurahi, kweli, nilimshukuru Mungu kwa magoti. Na papo hapo nilikasirika upya, kwamba mtu huyu asikie nini basi, asikie lini, na kwa nini gharama yake nilipe mimi. Nilikuwa natembea peke yangu asubuhi. Ule mlango wa choo uko vilevile, bawaba moja, nami sina wa kumwambia.

Mwezi wa nane wa kununa huko ulipokwisha, mjukuu wake alipata kipaimara, na binti akafanya sherehe nyumbani Kitendaguro. Alinialika mwenyewe kwa simu. Nilipanda basi nikaenda Bukoba, nikakaa kwenye turubai, viti vya mwisho. Mwalimu Mkuu alikuwa mbele na wazee. Alikuwa amepungua tumbo, uso umetulia, na mkono wa kushoto umeshika glasi ya maji vizuri kabisa. Nilikuwa nautazama ule mkono wakati wote wa hotuba.

Chakula kilipogawiwa, akainuka. Akachukua sahani, akapakua mwenyewe, akapita katikati ya watu wote, mzee wa heshima yake amebeba sahani, akaniwekea mapajani. Nikaona amenipakulia ndizi na mboga, mchuzi kidogo.

"Mwalimu wa Tatu."

"Waitu, Mkuu," nikaitika kwa heshima ya Kihaya.

"Ulisema kweli siku ile. Nilinuna bure. Mtu wa umri wangu miezi minane ni mingi." Akavuta kiti akakaa karibu nami. "Basi yaishe. Jumatatu nitakupitia, saa yetu ileile."

Nilitaka kusema ndiyo, neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Naye akaendelea, sasa ameshusha sauti na macho yamewaka.

"Nasikia wamebomoa ile nguzo ya bendera pale shuleni. Nataka nikaone wamejenga nini. Nasikia hata zege hawakuweka."

Nikauona mshipa wa kipaji, unaanza.

Ningeweza kumwambia twende pamoja njia ya chini. Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu siku ile. Lakini namjua. Wiki ya kwanza tungepita chini, ya pili angesema twende tukaone mara moja tu, na mimi, niliyeambiwa kaa chini nikakaa, ningepanda naye. Na ningemweleza sababu angeichukua kama mashindano, angekwenda shuleni kunionyesha kwamba anaweza. Sikuwa na muda wa kupima sana. Niliitazama sahani.

"Usinipitie, Mkuu."

"Kwa nini?"

"Bado sijamaliza hasira. Ulinikalisha chini mbele za watu."

Ulikuwa uongo wa kumzuia njia ya juu, maana langoni kwa mtu aliye na hasira naye asingepita. Nilikuwa nimemsamehe kabla hata sijatoka kliniki siku ile. Uso wake ukashuka kama wa mtoto aliyerudishiwa daftari lenye makosa.

"Utamaliza lini?"

"Sijui. Labda mwakani."

Akaitikia kwa kichwa. "Ni haki yako," akasema. Akarudisha kiti alipokitoa, akakinyoosha kiendane na mstari, akarudi kwa wazee wenzake.

Jumatatu saa moja kasorobo nilikuwa nimevaa viatu vya kutembelea, nimekaa jikoni, mlango nimeufunga kwa ndani. Nilimsikia akikohoa langoni. Alisimama pale, akagonga fimbo chini mara moja, akangoja. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa kanga nisije nikaitika. Kisha nikasikia nyayo zake zinageuka, zinateremka kuelekea chemchemini, mpaka zikaisha. Nikalia pale pale na viatu miguuni, halafu nikanyanyuka nikameza dawa yangu.